Barioni Zilizopotea na Mahindi ya Kanduyi

Kitale, siku moja kabla ya safari yako

Mama,

Ndiyo, nimeanza vile vile nilivyokuita tangu ulipozaliwa, kwa sababu wewe ni Wambui, umebeba jina la mama yangu, na mimi sijui kumwita mama yangu kwa jina. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza, "Sasa kama mimi ni mama yako, mbona unanituma chumvi dukani?" Hilo ni moja tu kati ya mambo mengi yasiyonikaa kichwani, na barua hii, nakuonya mapema, imejaa hayo.

Sanduku lako liko hapa sebuleni. Nimelitundika kwenye mizani yangu ya ndoano, kwenye boriti, nikalipima mara tatu. Ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu. Lako lilikuwa ishirini na mbili na nusu, kwa hiyo mlifunga vizuri, wewe na mama yako. Lakini nimelifungua, nikatoa lile blanketi la shangazi yako, na sasa ni ishirini na moja kamili. Najua utanuna. Subiri. Nitakuambia mwishoni kwa nini nimelitoa. Hata mimi imenichukua alasiri nzima kujua kwa nini.

Hutapata maagizo hapa. Habari za soksi mbili mbili, na kusali, na kutotembea na watu usiowajua, mama yako ameshakwambia mpaka ameanza kurudia mwanzo. Mmeenda Kanduyi jana kumuaga kukhu, bibi yako mzaa mama, mkaniacha hapa na ng'ombe na mvua. Kesho asubuhi nitawaletea sanduku, na saa nane binamu yako atakupeleka Eldoret ukapande ndege. Kwa hiyo nimebaki na jioni moja tu. Na nina jambo moja la kukuambia ambalo nimelikalia kwa zaidi ya miaka kumi, na kila nikilianza linakuja kinyumenyume.

Wacha nianze na barioni zako, maana ndizo zilizonichokoza.

Unakumbuka Jumapili iliyopita, mezani. Mama yako alikuuliza, "Kwani huko unaenda kusoma nini hasa? Watu wa kanisa wananiuliza, nawaambia ati fizikia. Wananiuliza fizikia gani, nanyamaza." Ukachukua punje tatu za mahindi kutoka kwenye bakuli la githeri ukaziweka mbele yangu, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

"Baba, kila protoni iko na vitu vitatu ndani, vinaitwa kwaki. Kitu kiko na kwaki tatu hivi ndiyo tunaita barioni. Protoni ni barioni, nyutroni pia ni barioni. Wewe karibu wote ni barioni, Baba, na hii githeri, na ng'ombe, na Mlima Elgon wote."

"Sawa," nikasema, "nimewahi kuitwa mabaya zaidi."

"Sasa, ukipima kwaki moja moja, halafu ujumlishe zote tatu, unapata kama moja kwa mia ya uzito wa protoni."

"Na hiyo tisini na tisa iko wapi?"

"Iko kwa vile zimeshikana. Zinakimbia huko ndani, zinavutana, haziachani. Hiyo nguvu ndiyo uzito."

Niliweka kijiko chini. Mama, mimi nimekuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi miaka ishirini na sita. Gunia likizidi uzito wa kilichomo, hilo si fumbo. Kuna mtu ametia mawe. Nikakwambia hivyo. Ulicheka mpaka mama yako akakupiga mgongoni kwa kuogopa utapaliwa. "Hakuna mawe, Baba. Si wameangalia?"

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima na bado silielewi. Vitu vitatu vyepesi vinashikana, na kule kushikana kunakuwa kuzito kuliko wao wenyewe. Nilijaribu kumweleza kijana tunayepakia naye magunia, akaniuliza kama naumwa. Usidhani nitasema sisi watatu wa nyumba hii ndio hizo kwaki. Mchungaji angesema hivyo, na wazee wa kanisa wangetikisa vichwa. Mimi sijui kama tuko hivyo. Tukipimwa leo, wewe, mimi na mama yako, sina hakika mizani itasema nini, na utaona kwa nini.

Halafu mama yako akakuuliza wewe mwenyewe utakuwa unafanya nini huko. Ndipo ukasema lile neno.

"Barioni zilipotea, Mama. Mimi naenda kufanya kazi na watu ambao walizitafuta."

"Zilipotea aje?"

"Kuna mwanga mzee sana, wa wakati ulimwengu ulikuwa mchanga. Ukiusoma vizuri, unajua barioni zilikuwa kiasi gani mwanzo. Ni kama vile Baba amepima gunia likiingia ghalani. Halafu watu wakapima zile ziko sasa, kwa nyota, kwa galaksi, kwa gesi yenye wanaona. Hazikufika. Karibu nusu haikuwa."

"Nani alichukua?" nikauliza mimi. Nilikuwa natania.

"Hakuna mtu alichukua, Baba. Zilikuwa kama mvuke. Gesi moto, nyepesi, imetawanyika katikati ya galaksi mpaka darubini hazioni. Watu walikuwa wanapima poa tu, lakini walikuwa wanapima kile wanaona."

Mama yako aliacha kutafuna. Hakunitazama usoni, alitazama sahani yangu. Nikasimama nikasema naenda kuangalia ng'ombe, na wewe ukasema, "Baba, kwani nimesema nini?" Ng'ombe alikuwa ameshaangaliwa. Nilisimama kule zizini nimeshika kamba isiyofungwa kitu chochote, na kichwani lilikuwa linazunguka neno moja tu: mvuke.

Unamkumbuka Khocha Wafula, mjomba wako, kaka wa pekee wa mama yako. Najua unamkumbuka, kwa sababu jana asubuhi ukifunga viatu ulimwambia mama yako, "Nitasalimia kila mtu, lakini huyo mwizi sitampa mkono." Hukujua kwamba niko mlangoni. Ulisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya soko. Umekua ukijua hivyo, na aliyekufunza ni mimi.

Wambui, yule mtu hakuiba.

Nimeandika hapo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Sasa nieleze, na nieleze kwa utaratibu, maana hasira zangu unazijua, zikinipanda naanza kujitetea.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo Khocha alikuwa anakuja hapa kila likizo na kisanduku chake cha vyuma. Kibanda chake cha kutengeneza redio kiko Kanduyi, ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa michezo, na akija huku alikuwa anakuja na redio za watu ili mtengeneze pamoja. Mlikuwa mnapasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mama yako, na yeye akifoka kwamba sufuria zake zinanuka risasi iliyoyeyuka. Ulijua neno antena kabla hujajua kumaliza Baba Yetu. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nikijifanya nasoma gazeti. Nilikuwa na wivu kidogo. Hilo pia sijawahi kulisema.

Mwaka ule mvua ilikataa kuisha. Ilikuwa Novemba na mahindi bado yamesimama shambani, yananyeshewa. Nikaona yataoza. Nikayavuna haraka, nikakodi mashine ya kupukuchua, na kwa kuwa jikoni kulikuwa kunajengwa na hatukuwa na pa kuweka, nikapeleka magunia kumi na mawili Kanduyi kwa Wafula. Kule kuna joto kuliko huku, na stoo yake imeinuliwa juu ya nguzo, upepo unapita chini. Kabla hayajatoka hapa niliyapima yote. Kilo tisini kila gunia. Nikaandika tisini kwa makaa kwenye kila moja, nikashona midomo kwa mkono wangu.

Mwezi wa tatu nikaenda na mama yako kuyachukua, mizani yangu begani. Gunia la kwanza, sabini na nane. Nikafikiri mizani imepata kutu. La pili, sabini na nane. La tatu vile vile. Yote kumi na mawili, Mama. Kilo kumi na mbili hazipo katika kila gunia.

Sasa utaniuliza, na una haki, karani wa mahindi wa miaka mingi namna ile alikosaje kujua? Hapo ndipo nami hujishangaa. Pale ghalani kuna msichana anayekaa langoni na kamashine kadogo. Yeye ndiye anayepima maji ya mahindi. Yakiwa mabichi, mkulima anarudishwa nayo akayaanike. Kinachofika kwenye mizani yangu kimeshakauka. Miaka yote ile sikuwahi kupima gunia bichi hata moja, wala kupima gunia moja mara mbili. Kwangu kilo tisini zilikuwa tisini, kama vile Jumatatu ni Jumatatu. Bibi yako, yule unayebeba jina lake, alikuwa anatia punje kwenye chupa pamoja na chumvi kavu, anatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Chumvi ikianguka chini, yamekauka. Nilijua hilo kabla sijaanza shule. Mwaka ule sikutikisa chupa yoyote. Nilijiona mtu wa mizani, na mtu wa mizani hahangaiki na chumvi ya akina mama.

Tulikuwa uani kwa kukhu, maana stoo ya Wafula iko humo. Kulikuwa na akina mama wa kanisa wamekuja kumsaidia kupepeta maharagwe, na majirani wawili watatu. Wafula aliniona narudia kusoma mizani.

"Shemeji, kwani iko nini?"

"Kilo kumi na mbili kila gunia. Ziko wapi?"

"Mimi sijaguza hata punje. Angaria uzi, si ni ure ure wako?"

Ulikuwa ule ule wangu. Sikuuangalia.

Akafikiri kidogo, akasema kwa upole, "Pengine yarikuwa na maji, shemeji. Yarikuja kama bado mabichi."

Unaona? Alinipa jibu mkononi. Alilisema mtu wa redio, asiyejua kitu cha ghala, siku ile ile, dakika ile ile. Na mimi nikamwigiza mbele ya watu: "Ati yarikuwa na maji!" Watu wengine wakacheka kwa kutojua la kufanya. Nikamwigiza mimi, ambaye mama yangu mzazi hakuwahi kutamka L maisha yake yote. Halafu nikasema neno lenyewe. Nikasema, "Wewe ni mwizi, na umeibia mtoto wa dada yako." Katika ua wa mama mkwe wangu, mahali ambapo mkwe hata kucheka kwa sauti anaona haya. Kukhu aliinuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani akafunga mlango. Mama yako alisema maneno matatu tu, "Kaka yangu hajaiba," na mimi nikamwambia asiingilie.

Wafula hakupiga kelele. Alinisaidia kupakia. Magunia yote kumi na mawili, moja baada ya jingine, aliyabeba mgongoni mwake akayaweka kwenye lori nililokodi. Nikikumbuka siku ile, hilo ndilo linaloniuma kuliko neno nililolisema.

Miezi miwili baadaye akakutumia redio kupitia kwa mama yako. Unaikumbuka. Aliiunda ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na antena ya waya wa baiskeli. Ulikuwa umeshamuuliza mama yako mara ishirini kwa nini khocha haji, na mimi nikakujibu badala yake, "Khocha wako ni mwizi wa mahindi." Uliushika ule mkebe kwa mikono miwili. Ukauangalia. Ukamrudishia mama yako ukasema, "Sitaki kitu cha mwizi."

Na mimi nikasema, "Huyu ndiye mtoto wangu." Nilijivuna. Niliwasimulia hata watu ghalani.

Sasa sikiliza lililofuata. Mwaka uliofuata tulivuna tena na mvua, mahindi machache. Gunia moja mama yako aliliweka chumbani kwetu chini ya dirisha. Nililipima likiingia, kwa mazoea tu, nikaandika tisini kwa makaa. Mwezi wa tatu nilitaka kulisogeza nikaona limekuwa jepesi. Nikalitundika. Sabini na tisa.

Niliushika ule uzi. Ulikuwa wangu. Nikapima mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, ikasoma hamsini sawasawa, kwa hiyo mizani ilikuwa nzima. Lile gunia lilikuwa limelala chumba kimoja na mimi miezi minne. Kama kuna mwizi, basi alikuwa mimi, au mama yako, au hewa. Nikaenda jikoni, nikachukua chupa na chumvi, nikafanya kama mama yangu. Chumvi ilianguka chini yote. Hata chembe haikushika.

Nilikaa juu ya lile gunia mpaka mama yako akaja kuuliza kama sili. Maji, Wambui. Kilo kumi na moja za maji zimepita kwenye matundu ya gunia na kutoka dirishani wakati mimi nimelala, na hakuna aliyeziona, na hakuna aliyeziiba. Sikumwambia kitu. Niliiacha chupa dirishani na chumvi yake. Asubuhi nikakuta imeoshwa, imefunikwa juu ya meza. Hakuniuliza. Mpaka leo sijui kama alijua, na kwa vile alivyotazama sahani yangu Jumapili, sasa nadhani alijua siku nyingi na alikuwa ananingojea.

Utaniuliza kwa nini sikwenda Kanduyi kesho yake. Nilisema nitaenda Jumapili. Jumapili ng'ombe akazaa. Nikasema Pasaka. Pasaka nikasema watu watakuwa wengi. Halafu ikawa aibu ya kuchelewa imeongezwa juu ya aibu ya kosa, na kila mwezi ikazidi uzito, na huo uzito sikuwa na ndoano ya kuutundika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha, na sikufa. Nimeendelea tu kula na kulala na kupima magunia ya watu, na wewe ukaendelea kumwita mjomba wako mwizi kwa sauti ya kawaida. Sijui kama hiyo si mbaya zaidi.

Mara moja nilikaribia. Mwaka jana tulikuwa na mazishi Bungoma, na nikirudi nilishuka Kanduyi. Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na wale wanaouza ndizi, nikatazama kibanda chake. Amezeeka. Anavaa miwani sasa, ameifunga kwa uzi. Kwenye rafu ya juu, peke yake, ulikuwepo ule mkebe. Mama yako aliniambia wateja huuliza bei, naye huwajibu, "Hiyo iko na mwenyewe." Nilisimama pale mpaka yule mama wa ndizi akaniuliza kama nanunua ama nasimama tu. Nikanunua ndizi. Nikapanda gari nikarudi Kitale na ndizi ambazo sikuzihitaji.

Nakuandikia haya nikiwa nimechanganyikiwa, sitakuficha. Jumatatu ulinifuata zizini, ukidhani nilikimbia mezani kwa sababu umenichosha. Ukaanza kunieleza jambo jingine, kwamba mwanzoni kabisa kila barioni ilikuwa na kinyume chake, na zikikutana zinamalizana zote mbili na kubaki mwanga. Ukasema zilikaribia kwisha zote, ila katika kila bilioni ilibaki moja moja, na hizo zilizobaki ndizo sisi, na nyota, na huyu ng'ombe. Nikauliza, "Na hiyo moja ilibaki kwa nini?"

Ukasema, "Hakuna mtu anajua, Baba. Bado."

Ulisema kwa furaha! Macho yanang'aa! Nilikutazama kama mtu anayezungumza na mgeni. Mimi katika maisha yangu sijawahi kusimama mbele ya watu na mizani mkononi nikasema sijui. Kwangu kama hesabu haifiki, kuna mtu wa kulaumiwa. Nyinyi mmepotelewa na nusu ya kila kitu, si kilo kumi na mbili, na hamkumwita mtu mwizi. Mlisema labda hatuoni vizuri. Mkatafuta. Na wewe ukaniambia zilipatikanaje: kuna mlio mfupi wa redio unaotoka mbali kupita kiasi, na ukipita kwenye ile gesi isiyoonekana, sauti nene inachelewa kufika kuliko nyembamba, na kwa kule kuchelewa unajua imepita kwenye kitu kiasi gani.

Redio, Mama. Uliposema redio uliinama ukaokota majani ukampa ng'ombe. Sijui ulifikiri nini. Mimi nilifikiria mikono ya nani ilikufundisha kushika waya.

Sina funzo la kukupa hapo. Nimelitafuta alasiri nzima nikitembea kutoka mlangoni mpaka jikoni, na kila nikilishika linaponyoka. Ninachojua ni hiki tu: unaenda kufanya kazi ya kutafuta kilichopotea bila kumshuku mtu, na aliyekulea ni mtu aliyefanya kinyume chake, na sielewi umetoka wapi. Pengine kwa mama yako. Pengine kwa Wafula. Naona aibu, na pia najivunia, na hivi viwili vimekataa kukaa mbali.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Nitafika Kanduyi mapema. Nitakupa sanduku na barua hii langoni kwa kukhu, kisha nitageuka. Usiniite. Mdomo wangu unaujua, nikianza kusema mbele yako nitageuza maneno, nitasema mvua ilikuwa nyingi, mizani ilikuwa na kutu. Wewe soma. Utakapofika hapa kwenye mstari huu, nitakuwa nimevuka barabara, nimesimama mbele ya kile kibanda, upande wake wa barabara safari hii, na sitanunua ndizi.

Nitamwambia Wafula alichoniambia yeye: kwamba yalikuwa na maji. Halafu nitamwomba twende wote uani, pale pale, na nilirudie mbele ya kukhu na mama yako na mtu yeyote atakayekuwa anapepeta kitu. Wale akina mama wa kanisa nimeshamwomba mama yako kwa simu awaite. Aliniuliza wa nini. Nikasema, nina jambo la kusema nao. Akasema, "Vaa ile koti nzuri."

Sijui atanijibu nini Wafula. Anaweza kuniambia nirudi na mizani yangu nilikotoka, na hatakuwa amekosea. Wewe pia sijui utanitazamaje nikirudi ng'ambo ile. Ulimkataa mtu aliyekupenda kwa sababu uliniamini mimi. Ulikuwa mtoto mzuri, uliniamini, na mimi niliitumia imani yako kama jiwe ndani ya gunia. Naomba unisamehe. Nimeliandika hilo kwa maneno ya kawaida kwa sababu sina mengine.

Mvua imesita, na ng'ombe anaita. Nimalizie habari ya sanduku.

Blanketi la shangazi nimelitandika kitandani kwako. Huko uendako kuna mablanketi. Sanduku ni kilo ishirini na moja, nimelipima tena sasa hivi. Ule mkebe, kwa nilivyouona kutoka ng'ambo ya barabara, na betri zake na ile antena, hauwezi kuzidi kilo mbili. Nimeuachia nafasi katikati, kati ya sweta zako, usije ukagongwa.

Khocha akikupa, mshukuru kwa mikono miwili, kama ulivyoushika mara ya kwanza. Akikataa, usilijaze sanduku kwa kitu kingine. Safiri na hizo kilo mbili zikiwa tupu, na mtu wa uwanja wa ndege akikuambia bado una nafasi, mwambie iko na mwenyewe.

Baba yako,
karani wa mizani